Mji Mdogo na Nyota Wake

Hotuba kwa makocha, viongozi wa klabu na vijana wa mpira wa kikapu, Dar es Salaam

Wazee wangu, shikamooni. Makocha wenzangu, viongozi wa klabu, wazazi, na ninyi vijana ambao bado mna jasho la mechi za asubuhi, habari za jioni.

Niliombwa nizungumzie NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, na NBA ina mengi. Nimechagua jambo moja ambalo kila ifikapo Julai, soko la wachezaji likifunguliwa, hunikera upya: kwa nini timu za miji midogo ya Marekani zinahangaika kumvuta nyota, na zikimpata zinahangaika zaidi kumbakiza. Vijiweni huwa tunalimaliza haraka. Tunasema wachezaji wa siku hizi hawana uaminifu, wanapenda raha na miji yenye taa nyingi. Mimi nakataa. Ipo kanuni iliyopiganiwa na wamiliki wa timu wenyewe, na kanuni hiyo ndiyo iliyoupokonya mji mdogo silaha yake kubwa. Nitaifikia. Kwanza twende Memphis.

Wengi wetu tuliijua Memphis kwa sababu ya ndugu yetu Hasheem Thabeet. Juni 2009 kijana huyu wa Dar es Salaam, aliyepita Makongo na baadaye Chuo Kikuu cha Connecticut, alichaguliwa wa pili katika drafti nzima, yaani zamu za timu kuchagua chipukizi kila mwaka, na waliomchagua ni Memphis Grizzlies. Furaha ya siku ile mnaikumbuka. Leo naomba tukae upande wa waliomchagua. Memphis na viunga vyake ina watu kama milioni 1.3, wakati New York na viunga vyake inakaribia milioni 20. Nyota aliyemaliza mkataba, mwenye uhuru wa kwenda popote, ni nadra sana kuichagua Memphis. Wachezaji wakubwa wa timu ile, kina Mike Conley, Marc Gasol, Zach Randolph, Ja Morant, wote waliingia kwa drafti au kwa kubadilishana na timu nyingine.

Sasa angalieni uzito wa uchaguzi ule wa 2009. Aliyemfuata Hasheem, wa tatu, alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa Stephen Curry. Silisemi hili kumpunguzia Hasheem heshima. Ni Mtanzania wa kwanza kucheza NBA na hakuna wa kumnyang'anya hilo. Nalisema kwa sababu timu ya Los Angeles ikikosea drafti inaumia, kisha inasubiri Julai soko lifunguliwe, ipige simu. Memphis haina Julai ya namna hiyo. Nafasi ya pili ilikuja kuipata tena 2019, miaka 10 baadaye, ndipo ikampata Morant.

Na drafti yenyewe ni bahati nasibu, kwa maana halisi: mipira midogo inazungushwa ndani ya mtungi na namba zinatoka. Msimu wa 2011/12 Charlotte, aliyokuwa akichezea Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, ilishinda mechi 7 na kupoteza 59. Hakuna timu katika historia ya ligi iliyokuwa na uwiano mbaya kuliko huo. Watu wa Charlotte walivumilia mwaka mzima wa vipigo wakijua mwisho wake kuna kijana anayeitwa Anthony Davis. Mipira ikazungushwa, namba ya kwanza ikaenda New Orleans. Davis akaenda New Orleans. Huyu Davis tutakutana naye tena.

Niingie kwenye fedha, kwa sababu ndiko kwenye kiini cha ninayotaka kusema.

Mwaka 1997 Kevin Garnett alikuwa na miaka 21, anacheza Minnesota. Minneapolis si kijiji, lakini kwa ramani ya NBA ni mji wa baridi kali uliokaa pembeni, na timu yake ilikuwa changa. Garnett alikataa ofa ya kwanza ya dola milioni 103. Mmiliki akameza mate, akampa dola milioni 126 kwa miaka 6. Ulikuwa mkataba mkubwa kuliko wowote katika michezo ya timu wakati ule. Garnett akabaki. Mnaona kilichotokea? Mji wa pembeni ulimbakiza nyota kwa njia ambayo kila mji wa pembeni unaielewa: ulilipa zaidi.

Wamiliki wengine waliingiwa na hofu. Walijiuliza, kama kijana wa miaka 21 anachukua milioni 126, kesho itakuwaje? Mwaka uliofuata wakafunga milango ya ligi. Mazoezi hakuna, mechi hakuna, hadi Januari 1999. Msimu ukapunguzwa kutoka mechi 82 hadi 50. Walipofungua, mkataba mpya na chama cha wachezaji ulikuwa na kitu ambacho hakikuwapo kabla: kikomo cha mshahara wa mchezaji mmoja mmoja. Leo kinakwenda kwa miaka ya utumishi. Mwenye miaka isiyozidi 6 anaruhusiwa hadi asilimia 25 ya kikomo cha mishahara ya timu, wa miaka 7 hadi 9 asilimia 30, wa miaka 10 na kuendelea asilimia 35. Msimu wa 2025/26 kikomo cha timu ni kama dola milioni 154.6, kwa hiyo asilimia 35 ni milioni 54. Nyota wa kiwango cha juu kabisa thamani yake halisi kwa timu inazidi hapo, na huenda inazidi mara mbili. Lakini Milwaukee hairuhusiwi kumpa milioni 70 ili abaki. Oklahoma City hairuhusiwi.

Fikirieni ligi yetu ya soka. Klabu ya mkoani ikimwinua mshambuliaji mzuri, msimu unaofuata Simba au Yanga wanamchukua, na sote tunajua kwa nini: wana fedha nyingi zaidi. Watu wengi wanadhani NBA ni vivyo hivyo. Sivyo. Kule Memphis na Los Angeles zinaweka mezani bei inayokaribiana, kwa amri ya kanuni. Na bei zikilingana, mtu anachagua kwa yale mengine yote. Hapo ndipo mji mdogo unaposhindwa, kwenye yale mengine.

Yale mengine ni yapi? Wapo wanaotaja kodi. Ni kweli Tennessee, Texas na Florida hazitozi kodi ya jimbo kwenye mshahara, na California inafika zaidi ya asilimia 13 kwa wenye kipato kikubwa. Kama kodi ingekuwa ndiyo sababu kuu, Memphis ingejaa nyota na Lakers wa Los Angeles wangebaki na uwanja mtupu. Hali ya hewa ipo, biashara za nje ya uwanja zipo, na kuna jambo ambalo naliona zito kuliko hayo, nalo ni maisha ya mtu.

Kareem Abdul-Jabbar alichaguliwa wa kwanza na Milwaukee mwaka 1969. Mwaka 1971 akawapa ubingwa. Alikuwa mtoto wa New York, Mwislamu, mpenzi wa jazi na vitabu, mrefu kuliko kila mtu barabarani, katika mji mdogo wa viwanda kaskazini ya mbali. Aliwaambia viongozi kwamba mahitaji yake ya kimaisha na kitamaduni hayapatikani pale, akaomba apelekwe New York au Los Angeles. Hakuutukana mji. Mwaka 1975 akaenda Lakers. Wakati ule kikomo hiki cha mshahara wa mtu mmoja hakikuwapo, kwa hiyo siwezi kusema fedha pekee ingemaliza kila kitu. Kuna watu ambao mji fulani hauwatoshi, na hilo si kosa la mtu wala la mji. Milwaukee ilisubiri miaka 50 kupata ubingwa mwingine.

Ligi iliona tatizo. Ilijaribu kuisaidia timu ya nyumbani: inaweza kutoa mkataba wa miaka 5 wakati wengine wanatoa 4, nyongeza ya mwaka asilimia 8 badala ya 5. Kisha 2017 ikaongeza mkataba wa nyota mkuu, ambao timu iliyomlea inaweza kumpa asilimia 35 hata kabla hajafikisha miaka 10. Hapa nirudi kwa Anthony Davis. New Orleans ilikuwa tayari kumpa mkataba huo, zaidi ya dola milioni 230. Januari 2019 wakala wake akatangaza kwamba hatausaini na kwamba anataka kuondoka. Ligi ikampiga Davis faini ya dola 50,000 kwa kulisema hadharani. Miezi michache baadaye yuko Lakers, na 2020 ni bingwa.

Unaweza kumwita msaliti. Lakini tazama miaka 7 aliyokaa New Orleans. Katika miaka yote hiyo timu ilishinda raundi moja tu ya mtoano, dhidi ya Portland mwaka 2018. Makocha walibadilika, wachezaji wa pembeni walibadilika, chaguo za drafti ziligawiwa kwa wachezaji wa kati waliokuja na kuondoka. Timu ilikuwa na haraka ya kumridhisha, na haraka hiyo ndiyo iliyomaliza kila ilichokuwa nacho cha kumridhishia. Nimeliona hili mara nyingi kiasi kwamba nikiona timu ya mji mdogo inatoa chaguo zake za drafti mwaka wa tatu wa nyota wake, moyo unanienda mbio.

Maana saa inahesabu tangu siku ya kwanza. Chipukizi wa raundi ya kwanza ana mkataba wa miaka 4. Baada ya hapo timu yake ina haki ya kulinganisha ofa yoyote, kwa hiyo kwa kawaida anasaini miaka mingine 4 au 5. Jumla ni miaka 8 au 9. Lakini ikibaki miwili, wakala tayari anazungumza, na kila timu kubwa inasikiliza. Kwa hesabu ya kweli mji mdogo una kama miaka 6 au 7 ya kumthibitishia kijana kwamba hapa anaweza kushinda kitu.

Sasa ngoja niwaeleze kisa cha Paul George, kwa sababu ndani yake kuna somo lote la namna ya kumpoteza nyota vizuri.

Indiana ilimchagua George wa 10 mwaka 2010. Akakua, akavunjika mguu vibaya 2014, akarudi, akawa nyota tena. Mwaka 2017 akawaambia kwamba mkataba wake ukiisha mwaka unaofuata ataondoka, na jina la Lakers lilikuwa wazi. Indiana ingeweza kumshikilia mwaka mmoja zaidi ikiomba abadili nia. Ikaamua kumtoa. Ikampeleka Oklahoma City, ikapokea Victor Oladipo na Domantas Sabonis. Watu walicheka, wakisema Indiana imeibiwa. Oladipo mwaka uliofuata akawa mchezaji wa mechi ya nyota. Sabonis naye akawa. Na Februari 2022 Sabonis alipelekwa Sacramento, Indiana ikampata Tyrese Haliburton.

Oklahoma City nayo ilikaa na George miaka miwili. Kiangazi cha 2019 akaomba kwenda Clippers, timu nyingine ya Los Angeles, kucheza na nyota Kawhi Leonard. Clippers walikuwa na kiu, kwa sababu Leonard alitaka George aje naye. Oklahoma City ikaona kiu ile, ikapandisha bei: chaguo 5 za raundi ya kwanza, haki ya kubadilishana chaguo nyingine, Danilo Gallinari, na kijana mwembamba wa miaka 20 anayeitwa Shai Gilgeous-Alexander. Moja ya chaguo zile, mwaka 2022, ikawa Jalen Williams.

Juni 2025 fainali ya NBA ilikuwa Oklahoma City dhidi ya Indiana. Haliburton upande huu, Shai na Williams upande ule. Williams akafunga pointi 40 katika mechi ya tano. Mechi ya saba Haliburton akaanguka robo ya kwanza, mshipa wa kisigino umekatika, na Oklahoma City ikashinda 103 kwa 91. Miji miwili midogo, timu mbili zilizojengwa kwa sehemu kubwa kutokana na mchezaji yule yule aliyezikimbia zote mbili! Viongozi wa klabu, hilo lisikilizeni vizuri. Hawakumsihi na wala hawakumtukana. Walimtoa wakati thamani yake iko juu kabisa.

Na Cleveland ilifanya nini LeBron James alipoondoka 2010? Mtoto wa Akron, mwendo mfupi tu kutoka uwanjani, alitangaza kwenye televisheni kwamba anaenda Miami. Jezi zikachomwa barabarani. Mmiliki akatoa barua ya hasira usiku ule ule. Namwelewa shabiki aliyelia. Mmiliki simwelewi, kwa sababu klabu ilikuwa na miaka 7 ya kumzungushia LeBron wenzake wa maana, na haikufanikiwa.

Neno uaminifu linatumika upande mmoja tu, na hilo linaniudhi. Mwaka 2012 Oklahoma City ilifika fainali ikiwa na Kevin Durant, Russell Westbrook na James Harden, wote chini ya miaka 24. Watatu hao kila mmoja alikuja kuwa mchezaji bora wa msimu. Oktoba ya mwaka ule ule klabu ikamtoa Harden kwenda Houston. Tofauti kati ya walichompa na alichotaka ilikuwa dola milioni chache tu kwa miaka 4, na nyuma yake hofu ya kodi ya anasa, ile kodi ambayo timu inalipa ikipitiliza kiwango fulani cha mishahara. Harden alipewa muda mfupi sana wa kufikiri. Hakuna aliyechoma jezi ya mwenye timu. Miaka minne baadaye, Julai 4, 2016, Durant alipokwenda Golden State, timu ya California, waliomtoa Harden walikuwa kimya na Durant akaitwa nyoka. Oklahoma City haikupata chochote badala yake.

Na hata siku ile kanuni ilikuwa na mkono. Fedha mpya za televisheni zilifanya kikomo cha timu kiruke kwa mkupuo mmoja kutoka dola milioni 70 hadi 94. Ligi ilitaka ongezeko hilo ligawanywe kwa miaka kadhaa, chama cha wachezaji kikakataa. Bila mruko ule Golden State, iliyokuwa imetoka kushinda mechi 73, isingekuwa na nafasi ya kumlipa Durant.

Waliobaki wapo, na napenda kuwazungumzia kwa sababu hawakubaki kwa bahati. Tim Duncan alikaribia kwenda Orlando mwaka 2000. Akabaki San Antonio, akamaliza na ubingwa mara 5. Alichokuta pale ni kocha yule yule mwaka hadi mwaka, utaratibu ule ule, na wenzake waliotafutwa hadi Ufaransa na Argentina wakati wengine hawaangalii huko. Giannis Antetokounmpo alikuwa chaguo la 15 mwaka 2013, kijana mwembamba kutoka Athens, mtoto wa wahamiaji wa Nigeria, aliyewahi kuuza bidhaa mitaani pamoja na kaka yake. Ilipofika mwisho wa 2020 nchi nzima ilikuwa ikisubiri aondoke Milwaukee. Wiki chache kabla hajasaini, klabu ilitoa chaguo zake za raundi ya kwanza kumleta Jrue Holiday. Giannis akasaini dola milioni 228. Julai 2021 akafunga pointi 50 katika mechi ya mwisho ya fainali, na Milwaukee ikamaliza kiu ya nusu karne.

Nilisema kutoa chaguo za drafti mapema kunanitisha. Milwaukee ilitoa mwaka wa nane, ikiwa tayari timu bora ya msimu wa kawaida mara mbili mfululizo, ikihitaji mtu mmoja. Tofauti yake na New Orleans iko hapo.

Kuna suala la fedha za matangazo, nalipitia haraka. Mkataba wa taifa wa televisheni, ule ulioanza 2025 wa karibu dola bilioni 76 kwa miaka 11, unagawanywa sawa kwa timu 30. Fedha za matangazo ya ndani ya mji hazigawanywi hivyo, na Lakers wanachukua mara nyingi ya wanachopata Memphis au New Orleans. Hizo hazimwongezei nyota mshahara. Zinampa mwenye timu ujasiri wa kulipa kodi ya anasa bila kuomba dua.

Ndiyo maana mkataba mpya wa ligi wa 2023 umenivutia. Umeweka adhabu ambazo fedha haziwezi kuzimaliza. Timu ikipita kiwango cha juu cha pili cha mishahara, inazuiwa namna fulani za kubadilishana wachezaji, na chaguo zake za drafti za mbele zinafungwa. Boston, bingwa wa 2024, ilimtoa Jrue Holiday na Kristaps Porziņģis kiangazi cha 2025 kwa sababu hiyo. Timu tajiri imeanza kuonja uchungu wa Oklahoma City ya 2012.

Lakini kanuni hiyo inamkata na mdogo pia. Julai 2025, wiki chache baada ya ubingwa, Oklahoma City ilisaini mikataba mitatu: Shai dola milioni 285 kwa miaka 4, na Chet Holmgren na Jalen Williams kila mmoja kiasi kinachoweza kufika karibu au zaidi ya milioni 250 kwa miaka 5. Yote itakuwa inalipwa kwa pamoja kuanzia msimu wa 2027/28. Mji ule ule uliosema hauwezi kumlipa mtu wa tatu, safari hii umemlipa. Desemba 2023 wapiga kura wake walikubali kodi ya senti moja kwenye kila dola ya manunuzi ili kujenga uwanja mpya wa angalau dola milioni 900, na timu ikaahidi kukaa hadi 2050. Itabidi wawaachie wachezaji wengi wazuri wa benchi, mwaka hadi mwaka, na kuzijaza nafasi zao na vijana wa mishahara midogo kutoka kwenye zile chaguo za drafti walizozikusanya tangu siku ya Paul George. Nadhani wataweza, na nitawafuatilia kwa karibu kuliko timu nyingine yoyote.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Maswali nayakaribisha, na ningependa tuanze na vijana.